Kodi na Nauli

Binti yangu alinipigia simu jioni moja akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, nililijibu vibaya. Yeye ni muuguzi katika hospitali moja ya Ilala, ameolewa, ana watoto wawili wadogo, na hana gari. Mumewe naye hana. Mwenye nyumba wao alikuwa amepandisha kodi mara ya pili katika mwaka mmoja. "Baba," akasema, "Chanika nimepata nyumba nzima kwa bei pungufu kuliko hivi vyumba viwili vya hapa. Unaonaje, tuhamie huko?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anipe muda nifikiri. Huenda msomaji akashangaa kuna jambo gani la kufikiria sana hapo, kwani nyumba nafuu ni nyumba nafuu. Lakini mimi nimeishi Dar es Salaam tangu mwaka 1984 bila kumiliki gari hata siku moja. Nimekaa Magomeni, Buguruni na Kimara, na nimejifunza kwamba katika mji huu kodi na nauli ni mizigo miwili ya mzega mmoja. Ukipunguza upande huu, upande wa pili unazidi kuinama. Tena ipo mizigo mingine isiyoandikwa katika risiti yoyote, nayo nitaieleza mbele.

Kufikiri kwangu kulinirudisha nyuma sana, mpaka kwenye chanzo cha mji wenyewe. Maana mtu asiye na gari hachagui mahali pa kuishi peke yake. Waliokwisha kufa zamani walimchagulia sehemu kubwa.

Sultani Majid bin Said wa Unguja alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, mji wote ulikuwa wa kutembea. Majid alifariki mwaka 1870 kabla hajaukamilisha, na kwa muda ulilala. Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891 walikuja na sheria ya ujenzi iliyoeleza ni nyumba za namna gani zijengwe wapi. Waingereza, waliouteka mji mwaka 1916, waliuendeleza mpango huo wa maeneo matatu. Upande wa bahari ya kaskazini na mashariki ulikuwa Uzunguni, katikati Uhindini kwenye maduka, na nyuma yake, ng'ambo ya uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ilikuwa sehemu ya Waafrika. Katika maandishi ya sheria walitaja aina ya nyumba na vifaa vya kujengea. Rangi ya ngozi haikuhitaji kutajwa. Nani angeweza kujenga nyumba ya mawe Uzunguni kwa mshahara wa kuli?

Sehemu hiyo ya Waafrika ndiyo Kariakoo. Jina lenyewe, kama wengi wanavyojua, ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi pale. Ilikuwa ya msongamano, yenye uchafu na malaria, na serikali haikuijali sana. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo waliopanga mji hawakulifanya kwa huruma, ila mpangaji alifaidika nalo. Mtu wa Kariakoo alifika kazini kwa miguu. Bandari, stesheni ya reli, maduka ya Uhindini na nyumba za wakubwa alikopika na kufua, vyote vilikuwa mwendo wa nusu saa au zaidi kidogo. Na nyumba za Kariakoo, zile za ukumbi katikati na vyumba vitatu huku na vitatu kule, zilipangishwa chumba kimoja kimoja. Mtu mwenye kipato kidogo alipata chumba karibu na kazi na hakulipa nauli hata senti.

Niongeze hapa wazo langu mwenyewe, ambalo sikulisoma mahali. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, Kariakoo, katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba, na mikutano yake mikubwa ilifanyika Mnazi Mmoja na Jangwani. Sidhani mahali hapo palitokea kwa bahati tu. Chama cha watu wasio na magari kilihitaji uwanja ambao watu wote wangeweza kuufikia kwa miguu baada ya kazi na kurudi nyumbani kabla ya usiku kuwa mkubwa.

Mji ulipozidi kujaa, Ilala ilipimwa, kisha Magomeni na Temeke baada ya Vita Kuu ya Pili. Hizi hazikuwa tena nusu saa kwa miguu. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1940 tunaiona kampuni ya mabasi ya DMT, mali ya Waingereza, ikianza kuwabeba wafanyakazi. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu 128,742 mjini Dar es Salaam. Ile ya 1967 ilihesabu 272,821. Kufikia 1978 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090. Serikali ilitaifisha DMT mwaka 1970, na mwaka 1974 ikaigawa sehemu mbili: KAMATA kwa safari za mikoani na UDA kwa mji. Hivyo UDA ilikabidhiwa mji uliokuwa unakua kama mtoto anayepasua nguo zake, na ikakabidhiwa wakati ule ule mafuta yalipopanda bei duniani. Baadaye vikaja vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na uhaba wa fedha za kigeni. Mabasi yaliharibika na vipuri havikupatikana. Wenye magari yao nao walionja kidogo, kwani ilifika wakati Jumapili baada ya saa nane mchana gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani. Sisi tusio na gari tulikuwa na Jumapili kila siku.

Nilipofika mwaka 1984 nilipata kazi ya kusahihisha prufu katika kiwanda cha uchapaji Chang'ombe, na chumba Magomeni Mapipa. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 1,100 hivi. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imekubali yaishe na kuwaruhusu watu binafsi kubeba abiria mjini, jambo ambalo wengine walikuwa wakilifanya kwa kificho kwa muda mrefu. Nauli yao ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala. Makonda wakawa wanaita "dala! dala!", na jina likabaki hata nauli ilipofika mahali ambapo sarafu ile isingeweza kununua hata pipi. Wenzetu wa Nairobi walikuwa wamepita njia hiyo hiyo mapema kidogo. Matatu zao zilipata jina kutokana na nauli ya mapeni matatu, na zilihalalishwa mwaka 1973. Tazama jinsi Waswahili tunavyoyapa magari ya abiria majina. Nairobi na Dar es Salaam, yote mawili yamepewa jina la bei.

Basi nilipiga hesabu. Shilingi 5 kwenda, 5 kurudi, siku 26 za kazi: shilingi 260, karibu robo ya mshahara. Nami nilikuwa nimechagua Magomeni kwa kuwa kodi yake ilikuwa ndogo kuliko ya Kariakoo! Nikaamua kutembea. Nilikata Kigogo, nikavuka bonde la Msimbazi, nikapanda Ilala, nikatokea Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Nyerere. Ilikuwa saa moja na robo kwa kijana mwenye viatu vizima. Masika Msimbazi ulipojaa nilizunguka Jangwani, na hapo nilifika kazini nimelowa mpaka magotini, nikakaa mbele ya prufu nikitafuta herufi zilizopinduka huku soksi zikianikwa juu ya mashine. Hayo ninayasema bila uchungu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Kutembea kule kulinifundisha umbo la mji kuliko ramani yoyote. Dar es Salaam ni kiganja na vidole. Kiganja ni mjini na Kariakoo. Vidole ni barabara nne kuu, yaani Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Watu wamejenga kufuata vidole, na kati ya kidole na kidole kuna mabonde, Msimbazi likiwa kubwa lao. Magari ya abiria hufuata vidole pia. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kukaa mbali sana na kazini, lakini kama nyumba na kazi viko kwenye kidole kimoja, ana gari moja na nauli moja. Mwingine anakaa karibu, ila yuko kwenye kidole cha pili. Itambidi aingie kiganjani kwanza, ashuke, agombanie tena, ndipo atoke. Barabara ya Mandela ilipokuja kukata vidole hivyo kwa upande ilisaidia sana, lakini haikubadili umbo. Ninapomsikia mtu anauliza "ni kilometa ngapi?" kabla ya kuhama, najua ana gari au hajawahi kuhama.

Mwaka 1990, nilipooa, tulihamia Buguruni, vyumba viwili. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ilala. Mimi nilitembea Chang'ombe chini ya saa moja. Hatukulipa nauli yoyote ila siku za mvua. Tulikuwa na kelele, choo cha watu wengi, na inzi wa soko. Sikujua kwamba tulikuwa matajiri.

Nilichojua ni kwamba kila mtu wa rika langu alikuwa anatafuta kiwanja. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilikuwa imepima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka barabara na maji, na watu wa kipato cha chini wakajengewa njia ya kupata makazi. Huo ulikuwa mpango mzuri, na mabasi yaliwahi kufika. Lakini viwanja vya namna hiyo havikutosha hata kidogo, na vingi viliishia kwa wenye uwezo. Sisi tuliokuja nyuma tulinunua mashamba ya watu kwa mjumbe wa nyumba kumi na mashahidi wawili. Nami mwaka 1998 nikanunua Kimara, juu kabisa, mwendo wa dakika ishirini na tano kutoka Barabara ya Morogoro, mahali palipokuwa na miembe, upepo mzuri, na bei ndogo.

Nilijua kwa nini bei ni ndogo? Nilijua. Maji hayakuwepo, tulinunua ya madumu kwenye mikokoteni. Umeme ulikuja baadaye. Ila hayo ni mambo ambayo mtu huyaona kwa macho siku ya kutazama kiwanja, na huyavumilia kwa kuwa ameyaona. Kituo sikukiona, kwa sababu nilikwenda kutazama kiwanja Jumamosi saa nne asubuhi, na Jumamosi saa nne asubuhi daladala za Kimara huwa na viti.

Jumatatu yake ndiyo tulioijua baadaye. Kutoka Kimara kwenda Chang'ombe kulikuwa na magari mawili, wakati mwingine matatu. Magari yalifika kituoni kwetu yamejaa, au hayakusimama kabisa. Wengi walipanda gari linaloelekea mwisho wa njia ili wageuke nalo wakiwa wamekaa, hivyo wakalipa nauli mara mbili kwa safari moja. Mke wangu alihesabu mwaka wa kwanza, yeye ni mwalimu wa hesabu, akanionyesha kwenye daftari kwamba nauli ya watu wazima wawili ilikuwa inakaribia ile kodi tuliyoikimbia Buguruni. Hakusema neno. Alifunga daftari akaenda kuwasha jiko.

Lakini si nauli iliyotushinda. Mwaka 2005 binti yetu huyu aliingia kidato cha kwanza katika shule moja ya mjini. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwembamba. Mwanafunzi hulipa nauli pungufu, na kwa hesabu ya konda kila mwanafunzi ni nafasi ya mtu mzima iliyopotea. Basi makonda waliwazuia mlangoni, wakachukua wawili, wakawaacha ishirini. Aliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kuchelewa. Akichelewa anachapwa. Jioni alifika saa mbili, saa tatu usiku, na kutoka kituoni hadi nyumbani kulikuwa na zile dakika ishirini na tano gizani. Mimi au mama yake tulikwenda kumsubiri kituoni na tochi, bila kujua atashuka kwenye gari lipi. Usiku mmoja wa Mei alifika saa nne kasoro. Alikuwa amevuliwa kiatu kimoja katika kugombania mlango, na hakulia. Kutolia kwake ndiko kulikonitisha.

Juma lililofuata tulimpeleka kwa shangazi yake Kariakoo. Alikaa huko miaka minne. Alikuja kwetu Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili mchana, kama mgeni, na begi lake dogo. Nyumba niliyoijenga kwa ajili ya watoto, mtoto wangu wa kwanza hakukulia ndani yake. Nilikuwa nimenunua mahali nafuu, na sehemu ya bei niliilipa kwa namna hiyo. Hilo ndilo lililonifanya nishindwe kumjibu kwenye simu.

Sasa msomaji anayeijua Kimara atasema, "Mbona Kimara ni mahali pazuri kwa asiye na gari?" Ni kweli, tangu Mei 2016. Wakala wa mabasi yaendayo haraka ulianzishwa mwaka 2007, ujenzi wa njia ya Morogoro ulianza mwaka 2012, na mwendokasi ulipoanza kubeba abiria, mwisho wake ulikuwa Kimara. Mwanzoni nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650. Siku ya kwanza niliyopanda, nikiwa nimekwisha kustaafu, nilifika Kivukoni kwa muda ambao zamani ningekuwa bado nasubiri kituoni. Nilishuka nikasimama kando ya bahari pale feri nikatazama pantoni likivuka kwenda Kigamboni, na badala ya kufurahi nilikumbuka lile begi dogo. Baadaye msongamano ulirudi, watu wakaanza kupitia madirishani, lakini siwezi kusema uongo, mwendokasi ulitusogeza mjini kuliko tulivyowahi kusogea.

Na papo hapo kodi za Kimara zikapanda. Chumba kilichokuwa cha bei ya chini kwa sababu hakina gari kikawa cha bei ya juu kwa sababu kina gari. Tena mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kibaha, zilivunjwa kupisha upanuzi, kwa hiyo hata aliyejibana karibu na kituo hakuwa salama. Mimi ule umbali wangu wa dakika ishirini na tano ndio ulioniokoa. Binti yangu leo hawezi kupanga mahali ambapo baba yake alihamia kwa umaskini. Kukaa kwangu pia haiwezekani: nyumba ni ndogo, na mkwe kuishi ukweni na mkewe na watoto ni jambo ambalo yeye mwenyewe hatalikubali, nami simlaumu.

Kabla ya kumjibu nilimkumbuka pia mzee mmoja muuza kahawa wa Kariakoo, rafiki yangu wa miaka mingi, aliyekaa Jangwani, bondeni kabisa. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya arobaini Dar es Salaam na kuzikumba nyumba za bonde la Msimbazi. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, nje ya mji, upande wa Bunju. Ilikuwa hatua ya kuokoa maisha na siibezi. Kiwanja kilikuwa chake, kikavu, hakuna mto. Lakini kahawa huuzwa alfajiri na usiku, na wanywaji wake walikuwa Kariakoo. Kutoka Mabwepande ilibidi aondoke na birika saa tisa usiku, na gari la saa hiyo halikuwepo. Alijaribu miezi michache. Kisha alimwachia mtoto wake kile kiwanja, akarudi kupanga chumba Kigogo, ukingoni mwa bonde lile lile. Desemba 2015 serikali ilivunja nyumba za mabondeni, na watu wengi walishangaa kwa nini wale waliopewa viwanja walikuwa wamerudi. Yeye hakushangaa. Aliniambia mto hufurika mara moja kwa miaka kadhaa, lakini nauli hufurika kila siku.

Kwa hiyo nilipokaa kufikiria Chanika sikuanza na kodi. Niliuliza kwanza iko kidole gani. Hilo lilikuwa jibu zuri: Chanika iko mwisho wa kidole cha Pugu, na Ilala ya binti yangu iko kwenye shina la kidole hicho hicho. Gari moja, ingawa refu. Bunju au Mbagala angepata nyumba ya bei hiyo hiyo lakini angekuwa na magari mawili. Kigamboni ina daraja tangu mwaka 2016, na mtembea kwa miguu anaweza kulivuka, ila kwake ingekuwa kidole kingine kabisa. Pia mkono ule wa Pugu una reli. Mwaka 2012 treni ya abiria wa mjini ilipoanza kwenda Ubungo, ile ambayo watu waliiita kwa jina la waziri wake, Mwakyembe, niliona jinsi njia isiyo na foleni inavyobadili asubuhi ya mtu. Na ujenzi wa njia ya mwendokasi ya Gongo la Mboto ulianza mwaka 2022. Hapo ndipo nilipojizuia. Njia iliyojengwa ni sababu ya kuhama. Njia itakayojengwa ni sababu ya mwenye nyumba kupandisha kodi. Mimi nilisubiri miaka kumi na minane.

Swali la pili lilikuwa saa. Muuguzi ana zamu. Kuna siku anaingia asubuhi, kuna siku anatoka usiku saa mbili, na kuna siku analala kazini. Mtu wa ofisini anaweza kuulizia gari la kwanza tu. Yeye lazima aulizie na la mwisho, na baada ya la mwisho bodaboda hugharimu nini na nani anaiendesha. Na swali la tatu, ambalo sikuwa na ujasiri wa kulisema kwenye simu, ni hawa watoto wawili watasoma wapi baada ya miaka kumi, na kama konda atawafungulia mlango.

Hatimaye niliona kwamba hayo yote nayasema nikiwa kwenye kiti Kimara, kama nilivyotazama kiwanja Jumamosi saa nne. Nikampigia rafiki yangu wa zamani wa kiwandani aliyejenga Chanika, nikaenda kulala kwake Jumapili. Jumatatu saa kumi na dakika hamsini alfajiri nilikuwa nimesimama kituoni na karatasi na kalamu, mzee peke yangu kati ya vijana wanaokimbia. Wanafunzi niliwahesabu pia. Walioachwa na gari la kwanza ni tisa, gari la pili wanne. Mimi nilipata gari la nne, nikasimama mpaka Gongo la Mboto, ndipo kijana mmoja akaniita, "Mzee, kaa hapa." Nilishuka Ilala saa moja kasoro dakika tano.

Nilimkuta binti yangu mlango wa hospitali, anaingia zamu. Nikampa ile karatasi. Aliisoma mistari yote, akarudia ile ya wanafunzi, kidole chake kikiwa juu ya namba tisa.

"Na kurudi, Baba?"

"Kurudi sijapima."

Aliikunja karatasi akaitia mfuko wa sare yake. "Basi kurudi nitapima mwenyewe," akasema. "Ijumaa natoka saa mbili usiku. Mwambie rafiki yako asifunge geti mapema."

Nikamwambia nitamsubiri kituoni. Tochi ninayo.